Ugonjwa adimu wa neva wa kurithi: utampataje daktari bingwa anayeujua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wagonjwa, wazazi na ndugu wanaohangaika kumtafuta daktari anayeujua ugonjwa wao. Anayeandika si daktari. Ni ndugu wa mgonjwa wa ataksia, yaani ugonjwa wa kuyumba na kushindwa kuratibu mwendo wa mwili, ndiyo maana mifano mingi inatoka huko, lakini mengi yanawahusu pia wenye distonia (misuli kujikaza na kuupinda mwili), ugonjwa wa Huntington (viungo kurukaruka na akili kudhoofika), magonjwa ya kurithi ya misuli na mengine ya jamii hiyo. Uamuzi wa dawa na vipimo unabaki kati yako na daktari wako.

Kwani daktari yeyote wa mishipa ya fahamu hatoshi?

Kwa kuanzia, anatosha. Lakini wanaojaza foleni yake kila siku ni wagonjwa wa kiharusi, kifafa, kipandauso na Parkinson. Magonjwa ya kurithi ni mengi mno: ataksia zinazorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, zile ziitwazo SCA, zimeshapewa namba zaidi ya 40, na ugonjwa wa kukakamaa miguu kwa kurithi umehusishwa na jeni zaidi ya 80. Hakuna anayeweza kuyabeba yote kichwani. Daktari mzuri kabisa anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana na mgonjwa wa pili kama wewe, na hilo si aibu yake.

Kwa hiyo unawatafuta watu wawili. Wa kwanza ni bingwa anayeujua ugonjwa wenyewe, hata kama utamwona mara moja kwa mwaka au kwenye video tu. Wa pili ni daktari wa karibu anayekubali kushirikiana naye. Familia nyingi humkimbilia wa kwanza na kumsahau wa pili. Ningelazimishwa kuchagua mmoja, ningemchukua wa karibu, yule asiyeona haya kusema "hili silijui, ngoja nimuulize mwenzangu". Jina kubwa lililo mbali halikusaidii mgonjwa akipaliwa usiku wa manane.

Ugonjwa unahesabiwa kuwa adimu ukiwa umewapata watu wangapi?

Umoja wa Ulaya unahesabu ugonjwa kuwa adimu usipozidi watu 5 katika kila 10,000. Marekani inaangalia kama wagonjwa nchini humo hawafiki 200,000. Mmoja mmoja ni adimu, lakini yakijumlishwa yanapita 6,000, na takriban asilimia 70 yanatokana na jeni. Ataksia ya Friedreich, kwa mfano, inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 50,000 miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata Ulaya, kwenye vituo na vifaa vyote, wagonjwa wa magonjwa adimu husubiri kwa wastani karibu miaka 5 kabla ya kuambiwa jina la kinachowasumbua. Ukiona umezungushwa, si wewe peke yako.

Sijapewa jina la ugonjwa, nimeambiwa tu "huenda ni wa kurithi". Nimtafute bingwa wa nini?

Usitafute kwa jina, tafuta kwa dalili iliyo kubwa kuliko zote.

Ukiwa unayumba kama mlevi, unapiga vikumbo milango na maneno yanaburura, shida iko zaidi kwenye ubongo mdogo, ule wa kisogoni, au kwenye njia zake. Hapo muulizie daktari wa ataksia au wa magonjwa ya mijongeo ya mwili. Huyo huyo ndiye wa kumwona kwa mwili kujipinda wenyewe, kutetemeka, au viungo kurukaruka bila kukusudia. Udhaifu wa misuli, ganzi ya miguu na mikono, au nyayo zinazodondoka ukitembea ni kazi ya daktari wa neva na misuli. Mtoto anayepoteza uwezo aliokwisha kuwa nao, aliyekuwa akizungumza akaacha au aliyekuwa akitembea akaacha, anahitaji daktari wa neva wa watoto anayeshirikiana na mtaalamu wa magonjwa ya kimetaboliki, yaani ya mwili kushindwa kuchakata chakula, na kwake usikubali foleni ndefu. Na ikiwa ugonjwa umegusa viungo vingi kwa pamoja, macho, masikio, moyo na miguu, anza na daktari wa jeni, maana kazi yake ni kuunganisha vitu ambavyo wengine wanaviona vipandevipande.

Zipo pia programu za watu ambao hawajapata jina la ugonjwa kabisa. Taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, ilianzisha yake mwaka 2008, na nchi nyingine zimefuata mfano huo. Mara nyingi daktari wako ndiye anayepeleka maombi.

Kuna kipimo cha kufanya kabla sijaanza kumtafuta bingwa wa mbali?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi. Kabla ya kufunga safari, kabla hata ya kipimo kikubwa cha jeni, muulize daktari wako: "Katika magonjwa yanayofanana na dalili zangu, yapi yana dawa, na je, yamepimwa?" Yako machache, lakini kuyapita bila kuyaangalia ni hasara isiyorudi.

Upungufu wa vitamini E wa kurithi, unaotokana na jeni ya TTPA, hufanana na ataksia ya Friedreich kiasi cha kumdanganya daktari. Hugunduliwa kwa kupima vitamini E kwenye damu, na hutibiwa kwa vitamini E yenyewe kwa dozi kubwa, maisha yote. Ugonjwa wa Wilson hujaza shaba kwenye ini na ubongo. Hupimwa kwa damu, kwa mkojo wa saa 24, na kwa daktari wa macho kuangalia kama kuna duara la kahawia kuzunguka sehemu yenye rangi ya jicho. Penisilamini, dawa ya kuitoa shaba mwilini, inajulikana tangu 1956. Distonia inayosikia levodopa, dawa ya Parkinson, humfanya mtoto atembee vizuri asubuhi na kuchechemea jioni. Wapo waliokaa miaka na cheti cha mtindio wa ubongo, walipopewa dozi ndogo ya levodopa wakasimama. Halafu kuna ugonjwa wenye jina gumu unaofupishwa CTX: kuharisha kusikoisha utotoni, mtoto wa jicho katika umri mdogo, uvimbe kwenye kano za kisigino, kisha kuyumba. Kipimo chake ni kolestanoli kwenye damu, na una dawa.

Kwa watoto wenye kifafa kisichotulia, hasa kama kinazidi wakiwa na njaa, ulizia upungufu wa GLUT1, protini inayopeleka sukari kwenye ubongo. Maji ya uti wa mgongo huonyesha sukari ndogo, na tiba yake kuu ni mlo maalumu wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana.

Vipimo kadhaa kati ya hivi havihitaji bingwa wa ng'ambo, vinahitaji mtu wa kuvikumbuka. Na ukivifanya mapema, bingwa utakayempata ataanza kazi hatua tatu mbele.

Majina ya mabingwa yenyewe nayapata wapi?

Orphanet, tovuti ya magonjwa adimu, ndipo pa kuanzia. Ilianzishwa Ufaransa mwaka 1997, na kila ugonjwa humo una namba yake, pamoja na orodha ya vituo vya tiba, maabara na vyama vya wagonjwa kwa nchi zinazoshiriki. Ichukue namba hiyo uiandike kwenye faili lako. Majina ya magonjwa haya hubadilikabadilika, namba humsaidia daktari yeyote kujua mnazungumzia kitu kimoja.

Ulaya ina mitandao 24 ya hospitali za magonjwa adimu iliyoanza kazi mwaka 2017. Wa magonjwa adimu ya neva unaitwa ERN-RND, na wa neva na misuli ni EURO-NMD. Daktari katika nchi mwanachama anaweza kupeleka faili lako likajadiliwa na jopo la mabingwa bila wewe kusafiri. Hata ukiwa nje ya Ulaya, orodha ya hospitali zao inakuonyesha nani anashughulika na nini.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya mzunguko kidogo. Ingia GeneReviews, tovuti ya magonjwa ya kurithi ambako kila ugonjwa uliomo umeandikwa na watu wanaoujua, usome majina ya waandishi. Kisha ingia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, andika jina la ugonjwa, uone nani anajitokeza tena na tena katika miaka mitano ya karibuni. Usimtazame mwandishi wa kwanza pekee, kwa sababu mara nyingi huyo ni daktari kijana aliyekusanya takwimu. Mwenye kliniki huwa wa mwisho katika orodha. Hakikisha pia kwamba makala zinahusu wagonjwa na si panya wa maabara. Mtafiti wa panya anaweza kuwa mtu muhimu mno kwa siku za usoni, lakini hatakuandikia dawa leo. Halafu ingia ClinicalTrials.gov, daftari la mtandaoni la majaribio ya tiba, uone hospitali gani zinafanya majaribio ya ugonjwa wako, maana hospitali haichaguliwi kwa jaribio kama haina wagonjwa wa kutosha.

Mwisho, chama cha wagonjwa. Watakwambia jambo ambalo tovuti haisemi: nani anasikiliza, nani hajibu barua, nani amehama. NORD ya Marekani na EURORDIS ya Ulaya zinaorodhesha vyama vya magonjwa mbalimbali, na vingi hupokea watu wa nchi yoyote.

Nitajuaje kwamba kweli huyu anaujua ugonjwa wangu?

Muulize, kwa adabu lakini waziwazi: "Daktari, wagonjwa wa namna hii unaowafuatilia kwa sasa ni wangapi hivi?" Kwa ugonjwa adimu sana, hata watano ni wengi. Anayewafuatilia hatachukizwa na swali. Anayekwepa amekujibu tayari.

Mengine utayaona kwa macho. Bingwa wa ataksia za kurithi atakutaka uvue viatu na soksi, maana unyayo uliopinda juu kama upinde unaweza kumwambia habari ya neva zilizochoka tangu utotoni. Atakutembeza kisigino kikigusa vidole, mguu mmoja mbele ya mwingine. Atakulaza, akuambie upitishe kisigino juu ya muundi kutoka goti hadi kifundo cha mguu, huku akitazama kama kinayumba. Atakutaka ufuate kidole chake kwa macho, kisha uruke na macho kutoka kidole hadi kalamu, na hapo atakuwa anaangalia kasi ya macho yako na si kama unaona. Pengine atakupa alama za SARA, kipimo chenye sehemu 8 na jumla ya alama 40, ili mwakani ajue umesogea kiasi gani. Na atauliza habari za bibi na babu mpaka ushangae. Aliyeangalia picha ya MRI tu na kukuaga hajafanya kazi hiyo.

Daktari wangu hatakasirika nikimwomba rufaa au maoni ya pili?

Wengi hawakasiriki, wengine hushusha pumzi. Usimwambie "nataka daktari mwingine". Mwambie: "Daktari, ningependa uendelee kuwa daktari wetu, ila naomba utusaidie kupata maoni ya kituo kinachowaona wagonjwa wa namna hii." Mpelekee jina la kituo na namna ya kuwasiliana nacho, usimwachie kazi ya kutafuta. Akikataa kabisa bila sababu, omba nakala za faili lako na utafute njia nyingine.

Bingwa nimwandikie nini?

Andika kifupi. Barua ya kurasa sita yenye viambatisho arobaini haisomwi. Mfano huu una karibu kila kitu anachohitaji:

"Habari Daktari. Mimi ni mama wa msichana wa miaka 14. Tangu akiwa na miaka 9 anayumba akitembea, na sasa hata maneno yanaburura. Mimi na baba yake ni wazima. Mdogo wake wa kiume, miaka 10, ameanza kujikwaa. Vitamini E na shaba zimepimwa, ziko sawa. MRI ya ubongo haikuonyesha kitu kikubwa. Kipimo cha marudio ya jeni ya FXN, ile ya ataksia ya Friedreich, hakijafanyika. Daktari wetu wa neva yuko tayari kushirikiana nawe na ana nakala ya barua hii. Naomba kujua: unaweza kumwona, au kumshauri daktari wetu kipimo kipi kifuate? Nina video ya dakika mbili na ripoti zote, nitazituma ukiniruhusu na kunielekeza njia salama."

Ona alivyotaja umri dalili zilipoanza, hali ya wazazi na ndugu, vilivyopimwa na ambavyo bado. Ona pia kwamba ombi ni moja, na linajibika hata kama bingwa hana nafasi. Asipojibu, kumbusha baada ya wiki mbili au tatu, kisha jaribu katibu wa kliniki au muuguzi mratibu. Hao ndio wenye kalenda mkononi.

Siku ya kumwona nibebe nini?

Picha zenyewe za MRI kwenye diski au kiungo cha kupakulia, si karatasi ya maelezo pekee. Bingwa huona kwenye picha vitu ambavyo mwandishi wa ripoti hakuvitafuta. Ripoti kamili ya kipimo cha jeni, pamoja na jina la maabara na mbinu iliyotumika. "Tuliambiwa ni sawa" haimsaidii. Majibu ya vipimo vya neva na misuli, vya moyo na vya macho. Orodha ya dawa, hata zile zilizoachwa na kwa nini ziliachwa.

Video ni mali. Mrekodi mgonjwa akitembea kuja na kurudi, akigeuka, akinyanyuka kwenye kiti, akisoma aya moja kwa sauti. Kama dalili huja na kuondoka, irekodi inapokuja, kwa kuwa mbele ya daktari huwa inajificha. Na kama mnazo video za zamani za sherehe za familia ambamo anaonekana akikimbia au kucheza, zibebe. Zinaonyesha ugonjwa ulianza lini kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Chora pia ukoo: vizazi vitatu, nani alikufa akiwa na umri gani, nani "alikuwa na miguu mibovu", nani alisemwa kuwa mlevi na hakuwa anakunywa. Uliza pia kama wazazi wana udugu wa damu. Wazee huona haya kusema, nawe utalazimika kuwabembeleza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimefanyiwa kipimo cha jeni zote na hakikuonyesha kitu. Basi si wa kurithi?

Hapana, na hapa watu wengi wamekatishwa tamaa bure.

Kipimo kinachoitwa "cha jeni zote" mara nyingi ni cha eksomu, yaani zile sehemu za vinasaba zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Kinaona vizuri herufi iliyobadilika. Kisichoona vizuri ni marudio. Ataksia ya Friedreich, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996, kwa sehemu kubwa hutokana na herufi tatu, GAA, kujirudia kupita kiasi. Kwa mtu mzima wa afya marudio hayafiki 40, kwa mgonjwa mara nyingi ni mamia hadi zaidi ya 1,000. Tena yako nje ya sehemu ambazo eksomu inazisoma. Huntington ni marudio. SCA1, 2, 3, 6 na 7 ni marudio. Mashine inayosoma vipande vifupi ni kama mtu anayehesabu shanga za rangi moja huku akionyeshwa nne nne tu: hawezi kujua kama uzi una shanga 30 au 900. Ndiyo maana marudio hutafutwa kwa kipimo chake mahususi, au kwa usomaji wa jinomu nzima, yaani vinasaba vyote, wenye uchambuzi ulioandaliwa kwa kazi hiyo.

Kuna jingine. Elimu yenyewe bado inakua. Marudio ya jeni ya RFC1, yanayowapata watu wazima kwa kuyumba, ganzi na mara nyingi kikohozi kikavu cha miaka mingi, yalitambuliwa mwaka 2019. Ya FGF14, ambayo sasa yanaitwa SCA27B, yaliripotiwa mwishoni mwa 2022. Mtu aliyepimwa mwaka 2018 akaambiwa hana kitu hakupimwa haya, kwa sababu hayakuwa yakijulikana.

Kwa hiyo mwulize bingwa maswali mawili: "Kipimo hiki kiliangalia marudio?" na "Data yangu inaweza kuchambuliwa upya?" Uchambuzi mpya wa data ya zamani, baada ya mwaka mmoja au miwili, huwapatia majibu baadhi ya watu bila kuchomwa sindano tena.

Ripoti inasema kuna badiliko "lenye maana isiyojulikana". Ndiyo ugonjwa wenyewe?

Huenda ndiyo, huenda siyo, na hilo ndilo maabara wanalosema. Kila mmoja wetu ana mabadiliko mengi ya jeni yasiyo na madhara. Usianze kuwapima ndugu wazima wala kuamua uzazi kwa karatasi hiyo. Bingwa anaweza kuomba wazazi wapimwe kulinganisha, au kipimo cha damu kinachoonyesha kama jeni hiyo inafanya kazi. Mshauri wa jeni ndiye mtu wa kukaa naye hapa.

Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye ugonjwa huu. Utakuwaje wa kurithi?

Njia ni nyingi. Pengine baba na mama kila mmoja amebeba nakala moja mbovu bila kuumwa, na mtoto akapata zote mbili. Nafasi ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba, na ndivyo Friedreich na Wilson zinavyopita. Pengine badiliko limeanzia kwa mgonjwa mwenyewe. Pengine linapitia kwa mama, kwa kromosomu ya X au kwa mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli. Au mzazi anao ugonjwa lakini haujajionyesha. Katika Huntington na SCA kadhaa, marudio huweza kuongezeka kutoka kizazi hadi kizazi, mtoto akaugua mapema kuliko mzazi.

Watoto wangu wasio na dalili wapimwe?

Kama ugonjwa una tiba inayofanya kazi mapema, kama Wilson au upungufu wa vitamini E, ndugu wapimwe haraka, hata wasio na dalili. Kama ni ugonjwa wa ukubwani usio na tiba ya kuuzuia, mfano Huntington, utaratibu unaokubalika kimataifa ni kutompima mtoto asiye na dalili. Ataamua mwenyewe akishakuwa mtu mzima, baada ya kukaa na mshauri wa jeni, na ana haki ya kutotaka kujua. Katika Huntington marudio 40 na zaidi yanamaanisha ugonjwa utakuja akiishi umri wa kawaida. 36 hadi 39, unaweza kuja au usije. Jibu la namna hiyo haliwezi kurudishwa likishatolewa.

Ugonjwa hauna tiba. Bingwa ataniongezea nini?

Mengi kuliko inavyodhaniwa. Kwa mwenye Friedreich atahakikisha moyo unapimwa kila mwaka, maana tatizo la moyo ndilo linaloua wengi, pamoja na sukari na mgongo. Ataagiza mazoezi ya viungo yanayofaa na mtaalamu wa kumeza. Na atakupa karatasi yenye orodha ya dawa za kuepuka. Mgonjwa mwenye kasoro ya jeni ya POLG akipewa valproeti, dawa ya kawaida ya kifafa, ini linaweza kuharibika kabisa. Mwenye ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, ule wa kurithi wa neva za miguu na mikono, akipewa vinkristini, dawa ya saratani, anaweza kupoteza nguvu za miguu kwa muda mfupi. Daktari wa dharura hatayajua hayo asipoyaona kwenye karatasi. Kaa nayo kwenye pochi, na picha yake kwenye simu.

Tena "hauna tiba" ni habari ya leo. Friedreich haikuwa na dawa iliyoidhinishwa mpaka Februari 2023, Marekani ilipoidhinisha omaveloksoloni kwa wenye miaka 16 na zaidi. Ulaya ikafuata 2024. Haiponyi, inapunguza kasi. Waliokuwa na jina la ugonjwa limethibitishwa ndio walioweza kuomba mapema.

Bingwa yuko mbali, siwezi kusafiri. Nifanyeje?

Omba daktari wako azungumze naye, daktari kwa daktari. Mara nyingi hilo linawezekana hata pale bingwa hawezi kumpokea mgonjwa kisheria. Ziara ya video inafaa kwa kufuatilia na kusoma majibu. Kwa ziara ya kwanza ni dhaifu kidogo, kwa sababu hawezi kupima mishtuko ya goti wala kuhisi ugumu wa misuli, lakini daktari wa karibu akiwa chumbani na wewe anaweza kufanya hayo kwa kuelekezwa. Sampuli ya damu pia husafiri, au vinasaba vilivyokwisha kutolewa humo. Safari ya mgonjwa iwe ya mwisho, na iwe moja yenye kila kitu: piga simu uombe kliniki ya jeni, moyo na macho zipangwe siku zinazofuatana.

Kuna kliniki inadai inatibu ataksia kwa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Niende?

Hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwa ataksia za kurithi. Anayekuomba ulipe ili uingie "kwenye utafiti" mkimbie. Katika majaribio ya kweli mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa. Jina la kliniki kuonekana kwenye ClinicalTrials.gov si kibali, kwani wahusika hujisajili wenyewe. Usichanganye hayo na upandikizaji wa uboho kwa watoto wenye adrenoleukodistrofia, ugonjwa mwingine wa kurithi, iliyoanza kugusa ubongo. Huo ni tiba halali, ila hufanya kazi ukiwahi kabla dalili hazijazidi, na hapo kila wiki ina uzito.

Lini nisimsubiri bingwa?

Degedege lisilokatika, kushindwa kupumua, kupaliwa kila unapomeza, kuzimia au moyo kwenda mbio kwa mwenye Friedreich, kupoteza uwezo ghafla ndani ya saa au siku, na mawazo ya kujiua, ambayo katika Huntington si haba. Nenda chumba cha dharura kilicho karibu, na karatasi yako mkononi. Bingwa apigiwe simu kutoka huko.

Mtoto wetu anafikisha miaka 18 na kliniki ya watoto inamuaga. Tunaanza upya?

Anzeni kulizungumza akiwa na miaka 14 au 15. Omba daktari wa watoto aandike muhtasari wa ukurasa mmoja, na ikiwezekana madaktari wote wawili wawepo kwenye ziara moja. Mzazi naye ajizoeze kunyamaza, kijana ajieleze mwenyewe kwa daktari, hata kama maneno yanatoka polepole.